Toyer Jassiem na Maboya ya Wilgerkloof

Miaka haibishi hodi. Huingia kimya, ikaketi pamoja na wenyeji, na mtu hajui kuwa ana mgeni mpaka aone mvi katika kioo. Toyer Jassiem alifika katika bwawa la Wilgerkloof akiwa kijana wa kufungua na kufunga lango. Alioa akiwa langoni, akapata watoto, watoto wakakua wakahamia Cape Town, naye akabaki na milima yake na maji yake. Mwishoni alikuwa msimamizi wa matembezi yote ya bwawani. Yeye ndiye aliyesema mashua ipi iingie majini, watoto waogelee wapi, moto wa nyama uwashwe wapi, na familia zetu zipige mahema upande gani wakati wa likizo ya Pasaka. Katika miaka hiyo yote jina lake lilikuwa kwenye orodha likisubiri zamu ya Hija, likisogea taratibu kama kivuli cha ukuta.

Kisha majira ya baridi matatu, ambayo kwetu ndiyo ya mvua, yakapita bila mvua ya maana. Maji yakarudi nyuma, mwambao ukageuka udongo uliopasuka, na ikawa kazi ya Toyer kuwanyima watu starehe, moja baada ya nyingine. Kwanza alizuia injini. Baadaye akazuia kuogelea. Mwisho likabaki eneo dogo la kuvua kwa ndoana na kupiga kasia.

Ukame una maradhi yake, na kubwa kuliko kiu ni dhana mbaya. Wenye mashua walisema Toyer anawafungia wao ili awaachie ndugu zake. Ndugu zake walisema amenunuliwa na wenye mashua. Pale langoni maneno ya wenye mashua hayakukauka, nao walimwita Boeta, yaani kaka.

"Boeta Toyer, injini yangu ni ndogo kama ya cherehani. Itakunywa maji kiasi gani?"

"Hainywi, inatapika. Na mji unakunywa matapishi yake. Geuza gari."

"Na lile hema chini ya misonobari? Si la shemeji yako lile?"

"Hema la shemeji halina injini."

"Aa! Kumbe undugu hauhitaji petroli!"

Jioni ile ile Toyer alimng'oa shemeji yake pamoja na hema lake, na shemeji hakumsemesha mwaka mzima. Hakuna aliyemshukuru. Mtu akizungukwa na macho ya shaka kwa muda mrefu, macho yake mwenyewe huanza kutazama hivyo hivyo.

Karibu na ukuta wa bwawa ulisimama mnara wa kuchotea maji ya mji, na maji yenye kina yalikuwa yamebaki hapo tu. Toyer alikuwa ameyazungushia mstari wa maboya mekundu yaliyotiwa nanga kwa minyororo, mtu asipite. Majira ya joto yalipoanza, aliona kutoka langoni kwamba mstari haukai mahali pake. Leo uko hapa, kesho umeusogelea mnara, na eneo la kuvulia limepanuka. Akajiuliza: ni nani anayefaidika? Jibu lilikuja upesi mno, kama kawaida ya majibu mabaya. Alikuwapo Dawid Plaatjies, mzee aliyestaafu kazi ya mashamba ya zabibu, mtu wa kanisa, aliyeitwa na wote Oom, yaani mjomba, ambaye kila siku alipiga kasia kijimashua chake kandokando ya maboya yale.

Ilikuwa Jumapili, wavuvi wamejaa ufukweni na maandazi yao yaliyopakwa nazi, Toyer alipomkabili mbele ya wote.

"Oom Dawid, nipe kibali chako cha kuvua."

"Kina nini? Bado hakijaisha."

"Unavuta maboya yangu. Samaki wamekimbilia ukutani, nawe unawafuata."

"Mgongo huu hauvuti hata blanketi, nivute minyororo? Ndege mnandi naye anawafuata samaki. Mnyang'anye kibali naye!"

Watu wakacheka, na kicheko kile kikamfanya Toyer mgumu. "Watu wanapanga foleni na ndoo, wewe unayachezea maji yao. Mwizi wa maji!"

Neno lilitoka, kibali kikachukuliwa, Dawid akafukuzwa bwawani; na neno likitoka halina mlango wa kurudia. Mwaka ule, katika mji ule, afadhali mtu angeitwa mlevi. Dukani mazungumzo yalinyamaza Dawid alipoingia. Majirani walianza kuitazama kamba ya nguo ya mkewe, Sanna, wakihesabu shuka zake, na kuulizana anazifulia maji gani.

Maboya yakaendelea kusogea hata Dawid alipokuwa amefukuzwa. Je, Toyer alishtuka? Hapana. Aliamini kuwa mzee anaingia bwawani kwa kificho, kupitia mashamba ya mizabibu. Hakupiga kasia hata mara moja kwenda kutazama, kwa maana mwenye dhana hujiona amekwisha kutazama.

Mchana mmoja wa utulivu, hapana mtu bwawani, alikuwa amekaa ufukweni anakula. Upepo wa kusini-mashariki ukaamka ghafla, kama desturi yake. Mbele ya macho yake mstari mzima ukaondoka, boya baada ya boya, ukaenda kuelekea mnara bila mkono wa mwanadamu. Toyer aliacha chakula, akachukua mashua, akashika mnyororo wa boya la kwanza na kuuvuta. Ukaja bila mwisho, umelegea, ukajaa miguuni pake. Ni yeye aliyeikata minyororo ile zamani, akaipima kwa bwawa lililojaa. Maji yaliposhuka, urefu uliobaki ulikuwa kamba ya upepo kuchezea.

Aliifupisha minyororo peke yake siku ya kazi, wakati wavuvi hawapo, wala hakumwambia mtu. Maboya yakatulia. Na watu, walipoona yametulia, wakasema, "Mnaona? Tangu mzee yule atolewe, mstari haujasogea." Hivyo dawa ya Toyer ikawa ushahidi dhidi ya Dawid, na Toyer akausikia ushahidi huo akanyamaza.

Miezi ikapita. Barua ya Hija ikafika. Zamu yake na ya mkewe Rugaya ilikuwa imefika. Kwetu msafiri wa Makka haondoki kimyakimya. Huzunguka nyumba kwa nyumba, kwa Mwislamu na kwa jirani asiye Mwislamu, akiomba maaf, mtu amwachilie lolote alilomkosea. Walizunguka mitaa yote, wakalishwa sambusa, wakaliliwa, wakasamehewa. Ndani ya gari Rugaya akasema:

"Mara ya pili tunapita kwa Oom Dawid, nawe unatazama upande mwingine. Ana upele?"

Toyer akazima gari, akamweleza yote. Rugaya akasema, "Na ulikusudia kusimama Arafa na mnyororo huo mkononi? Shuka, Toyer. Au niende peke yangu."

Mvua za kwanza za baridi zilikuwa zikinyunyiza. Dawid alikuja mlangoni, lakini geti la chuma hakulifungua. Walizungumza kupitia nondo.

"Oom Dawid, nimekuja kuomba maaf. Tunaondoka kwenda Makka."

"Nani amekutuma? Halmashauri? Wanataka nitie sahihi nini?"

"Hakuna aliyenituma. Hukuvuta maboya. Ni upepo, na minyororo yangu mirefu."

"Umejua lini?"

Toyer aliinamisha kichwa. "Kabla ya Ramadhani."

"Kabla ya Ramadhani," Dawid akarudia polepole. "Ukafunga, ukafungua, ukala Idi."

Sauti ya Sanna ikatoka ndani: "Dawid, mfungulie mtu, ananyeshewa!"

"Anyeshewe! Si ndiye mlinzi wa maji?" Akamgeukia Toyer. "Mimi mtu wa kanisa. Msamaha wangu unafika huko kwenu?"

"Haki ya mtu ni haki ya mtu, Oom. Mungu haiachilii mpaka mwenyewe aiachilie. Bila wewe, nitakuwa nimekwenda kutembea tu."

"Basi hapo tunakubaliana. Sasa sikiliza. Ulinivua nguo hadharani. Usiniletee nguo uchochoroni. Njoo Jumapili ufukweni, useme pale pale."

Wakarudi garini. Wote wawili walijua halmashauri ingesikia, na kwamba msimamizi aliyekiri kosa la namna ile huenda akirudi safarini asilikute lango lake.

Jumapili ilipofika, Toyer alisimama juu ya zege la kuteremshia mashua, akakitupa chini kipande cha mnyororo alichokikata. Mlio wake ukanyamazisha watu. Alisema kosa lake bila kulipamba: kwamba alipima vibaya, kwamba alimtukana asiye na hatia, kwamba alijua na akaficha. Minong'ono ikaanza.

"Amelishwa nini huyu?"

"Mahujaji wa dakika ya mwisho! Kesho atamsingizia mwingine."

"Labda wamegawana samaki."

Dawid alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Toyer akamwendea na kumrudishia kibali chake. Mzee akakigeuza, akakitazama upande wa mbele na wa nyuma kama noti ya bandia, kisha akakitia mfukoni.

"Nimekusamehe," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Wenye masikio wasikie. Lakini kukuamini, Boeta, hilo ni shamba lingine, wala sijalilima bado. Nenda Makka. Na ukiomba mvua huko, tuombee na akili kidogo."

Hakuvua siku ile. Alishikana mkono na Toyer, mkono mfupi, akaondoka kwa mguu. Toyer na Rugaya wakasafiri juma lililofuata, Toyer asijue kama kazi yake itamsubiri, lakini akijua kuwa hakuna mkono wa mtu uliomshika nguo nyuma.

Ewe Mola, Mwenye kuteremsha mvua na Mwenye kuzizuia, ikubali Hija ya Toyer bin Jassiem na Rugaya mkewe, uwarudishe kwa watoto wao wakiwa salama. Mpe Dawid na Sanna utulivu katika nyumba yao, uwafiche wao na vizazi vyao na ndimi za watu. Visafishe vifua vyetu na dhana mbaya, na ututosheleze kwa maji yako na rehema yako. Amin.