Huberte Cormier, mpimaji wa mioyo midogo

Saa mbili kasorobo asubuhi, Huberte Cormier amepiga magoti kando ya kitanda katika hospitali moja mjini Moncton, akimpaka mwanasesere jeli ya kupimia moyo.

"Baridi?" anamuuliza Maëlle, mwenye miaka mitatu.

"Yeye haogopi," mtoto anajibu.

"Haya, sasa zamu yako, bibie."

Maëlle anatulia. Huberte, 54, anauhitaji sana utulivu huo. Kwa miaka ishirini na sita amepiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti, watoto hadi tisa kwa siku, akitafuta mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Kwa mtoto wa umri huu, kila mshipa una upana wa kama milimita mbili tu.

Alianzia kazi kwenye kiwanda cha kusindika kambamiti, katika mji mdogo wa pwani wa Cap-Pelé. "Mama alidhani nimerukwa na akili kuacha kazi nirudi shule," anasema akicheka.

Miezi miwili iliyopita, Maëlle aliletwa na homa ya siku sita, macho mekundu, midomo imepasuka. Mama yake, Josette Léger, alikuwa ameshaambiwa mara mbili kwamba ni virusi tu. Daktari wa zamu alishuku ugonjwa wa Kawasaki, unaovimbisha mishipa ya damu, hata ya moyo, akaomba picha.

Mtoto alilia, akarusha mateke. Huberte akaupima mshipa: milimita tatu na nusu. Akampigia simu daktari wa moyo.

"Huberte, si alikuwa anafurukuta huyo? Huenda picha imekudanganya."

"Nimepima mara tatu, Daktari. Mara ya mwisho kalala kifuani kwa mama yake. Mshipa umetanuka. Fungua picha uone mwenyewe."

Daktari akaifungua. "Naiona. Waanze dripu ya kingamwili sasa hivi."

Kesho yake homa ilishuka.

Leo, picha ya marudio ikiisha, Josette anamkodolea macho Huberte, ambaye haruhusiwi kutoa majibu; hiyo ni kazi ya daktari.

"Uso wako umeshaniambia."

"Uso wangu hauna leseni, mama. Msubiri daktari."

Daktari anakuja, anasoma: milimita mbili nukta mbili. Mshipa umerudi katika hali yake. Josette anaketi chini sakafuni, analia na kucheka.

Septemba, Huberte ataanza kwenda hospitali za miji ya mbali ya Bathurst na Campbellton, kuwafundisha wenzake kumtuliza mtoto bila dawa ya usingizi.

"Mashine wanaijua. Nataka wamjue mtoto," anasema. "Homa ikifika siku ya sita, mzazi asiendeshe gari kwa muda wa saa tatu kunifuata mimi. Amkute mtu hukohuko kwao."