Yaki Alivyonituma Kwa Tsawe

Siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, na mimi ni mtu wa kutafuta miwani ikiwa puani. Nilikuwa kijana, nalea wakongwe kwenye nyumba ya wazee pale Erdington, humuhumu Birmingham, mdomo mrefu kuliko treni.

Kulikuwa na bibi mmoja tukimwita Yaki, maana kwao milimani Taiwan, kwa Waatayal, nyanya ndiye yaki. Kila nikimpelekea chai ananiimbia safari ya kijiji chao: wazee wao wa kale walitoka kwenye jiwe lililopasuka, wakapanda mlima, wakafuata mto huu, fulani akabaki hapa, fulani akashuka kule, mpaka Wajapani wakaja kuwateremsha bondeni kwa nguvu. Haruki mto hata mmoja. Ukimkatiza, anarudi jiweni! Chai inapoa mpaka inaota barafu.

Siku hiyo akaniuliza, "Na nyinyi Wagiriama wa pwani ya Kenya, mlipitia wapi?"

Nikatanua kifua. "Sisi? Yaki, tulivuka kwa migongo ya mamba elfu saba, babu yangu mbele na mwavuli!"

Akacheka mpaka meno ya bandia yakamruka. Akayarudisha. "Haya, nitajie mito."

Nikainamia trei, nikapanga vikombe. Hata mto mmoja siujui!

"Nani anaijua?"

"Tsawe, babu yangu. Lakini yuko hoi, hata uji haushuki."

"Na wewe umesimama hapa na kikombe? Wajukuu zangu hawataki kusikia, ndiyo maana nakuimbia wewe. Tsawe wako anamwimbia nani?"

Loo! Palepale nikampigia baba mdogo kule kijijini, aweke simu sikioni mwa Tsawe. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini ikatembea: Singwaya tulikotoka, mto Tana, mto Sabaki, hadi ndani ya kaya, boma letu takatifu msituni, na nani wa ukoo wetu alibaki wapi. Nikirudia nikakosea, ananirudisha Singwaya. Alinirudisha mara tisini! Mwishowe nikaingia kayani bila kujikwaa.

"Umefika, mjukuu wangu," akasema. "Lakini unatembea kama kobe mwenye kigugumizi."

Wiki ile hakuimaliza.

Basi wewe uliyezaliwa hapa Birmingham, unayenijibu Kizungu, sikia: mwacha asili ni mtumwa. Mzee wako akiwa bado anapumua, muulize walikopita watu wenu, na usiondoke mpaka uiseme njia mwenyewe. Kaburi halipokei simu. Mungu akupe masikio ya tembo, mwanangu, na wajukuu wasiochoka kukuuliza.