Msingi Ulioota Nyasi

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alikufa kule Kibondo tukiwa katikati ya mavuno ya maharage. Wiki hiyo nikaacha darasa la tatu. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa mkubwa wa watoto sita na jembe lilikuwa moja. Shida yangu ilianzia hapo, na sitaieleza sana, maana kila mtu wa umri wangu anayo ya kwake.

Kilichonitoa ni matofali. Nilikuja Kasulu kijana, nikajifunza kukanyaga udongo, kufyatua, kupanga tanuri na kujua kwa moshi tu kama yameiva. Nimechomea watu shule, makanisa, msikiti na maduka. Ukishika njia ya kwenda Heru Juu, nyumba nyingi unazoziona zimenyooka kona ni udongo uliopita mikononi mwangu. Mimi mwenyewe miaka yote hiyo nililala kwenye nyumba ya tofali mbichi. Nilikuwa nikisema yangu itakuwa ya mwisho na itazishinda zote.

Kiwanja nilikinunua wakati pale ni shamba la mihogo. Kwa desturi yetu anayenunua ardhi anatoa pombe ya ndizi. Wazee wa jirani wanatembea mpakani, miti inapandwa, halafu wanakunywa. Aliyekunywa ni shahidi, na hata mwanawe hawezi kesho kusema mpaka uko kwingine. Kwangu walikunywa wazee wanne, mitungi miwili, na mmoja alilala palepale juu ya mpaka wenyewe.

Baadaye mji ukatufuata. Viwanja vikapimwa, na ukawa huwezi kuinua ukuta bila kibali cha halmashauri. Sikugoma. Nilimtafuta mchora ramani, akanichorea vyumba vinne na sebule, akanijazia na fomu. Alipofika pa majirani akaniuliza ni akina nani. Nikamtajia mashahidi wangu wanne, akawaandika. Tukapeleka.

Wakati nasubiri nikajenga msingi wa mawe, kwa kuwa mawe si ukuta, ndivyo nilivyojidanganya. Akaja mtu na kopo la rangi nyekundu, akaandika juu ya mawe yangu: SIMAMISHA. Hata herufi zake zilikuwa mbaya.

Nikaanza kwenda ofisini. Leo mhusika yuko semina Kigoma mjini. Wiki ijayo kikao hakijakaa. Mwezi ujao mtandao unasumbua, mzee, hebu pitia Alhamisi. Siku moja dada wa mapokezi akanipa bahasha, nikasaini kitabuni, nikadhani ni stakabadhi. Nikaenda kuifungia sandukuni. Kusoma kwangu ni kwa kukokota, na kumwomba mtu anisomee barua yangu sikutaka. Mvua mbili za masika zikapita. Msingi ukaota nyasi mpaka mbuzi wa watu wakawa wanalishwa sebuleni kwangu.

Ndipo akaja huyu mama. Alinunua kiwanja kinachopakana na changu. Ni wa Kibondo kama mimi, anauza vitenge sokoni, mumewe ni mtu wa pwani mwenye lori. Hata hajamaliza kufyeka akanijia nyumbani na kilo mbili za sukari na karatasi.

"Shikamoo mzee wangu. Wewe ndiye jirani yangu wa mashariki. Naomba saini yako hapa."

Nikasaini bila kusoma. Moyoni nilimcheka. Mtu kanunua ardhi yake halafu anazunguka kuwaomba watu ruhusa, tena kwa sukari, kama anaposa. Sukari niliipokea.

Haikufika miezi mitatu, akawa na kibali. Nilikijua kabla ya kukiona, maana asubuhi lori lilimwaga matofali mlangoni pangu kabisa. Matofali yenyewe yameiva upande mmoja. Ukiyagonga yanalia kama kibuyu. Nikasubiri ukuta upinde. Haukupinda. Nikasubiri fundi amkimbie. Hakumkimbia. Bati zilipopanda nilizihesabu nikiwa nimesimama katikati ya nyasi zangu. Zilikuwa themanini na nne, na siku ile sikula mchana.

Mke wangu aliniona. "Unaliangalia paa la watu kama mbuzi wako kaingia shamba la mwenzio," akasema. "Nenda basi ukamswage."

Nilikwenda kwa wenzangu tunaokunywa nao, nikasema yule mama ana mjomba wake ofisini. Sikuwa na ushahidi wowote. Nililisema kwa sababu liliniponya kidogo, na kesho yake nikalirudia sokoni.

Mwishowe nikaenda halmashauri kuwaka. Afisa wa mipango miji alikuwa binti, mpya pale, anayeweza kuwa mjukuu wangu. Nikamwambia, "Mimi nimejenga mji huu kabla hujazaliwa. Nieleze jirani yangu amepita mlango gani ambao mimi sijaonyeshwa."

Hakukasirika. Akatafuta faili langu, likatoka chini kabisa, na vumbi lake. Akasoma, akaninyanyulia macho.

"Mzee, hawa majirani wanne, mtendaji wa mtaa anasema watatu ni marehemu."

"Ndiyo. Tuliwazika vizuri."

"Sasa watasainije?"

"Wasaini nini tena? Walikunywa pombe ya mpaka."

Mwenzake wa meza ya pili akainamia kompyuta, mabega yanatikisika. Binti akajikaza. "Mzee wangu, sisi tunataka wanaopakana na wewe leo. Tulikuandikia barua. Hii hapa saini yako, uliipokea."

Nikaitambua saini yangu. Nikauliza kwa nini mtu hakuniambia kwa mdomo, mara zote hizo ninakuja. Akasema hilo hajui, alikuwa hajahamia. Kisha akanionyesha na faili la yule mama, ili nisiseme amenificha. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa na saini za majirani, na ya kwanza ni yangu.

Nilikaa siku nne bila kwenda kwake. Nilikwenda kwanza kwa wale wengine wawili ninaopakana nao, wakasaini wakicheka. Ikabaki yeye.

Nilimkuta dukani anampimia mteja kitenge. Akanipa kigoda, akaendelea kupima. Mteja alipoondoka nikamwamkia kwa Kiha chetu, "Mwakeye, mama," nikatoa karatasi pamoja na jogoo niliyembana kwapani.

Akamtazama jogoo. "Nasikia nina mjomba ofisini," akasema. "Ungempelekea yeye huyu kuku."

"Nilisema vibaya."

"Ulisema sokoni, mzee. Niombe radhi hapa hapa sokoni."

Muuza dagaa wa jirani alikuwa ameshaacha kupanga mafungu yake. Nikasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba huyu mama hana mjomba wala shangazi halmashauri, nilimzulia kwa wivu. Halijawahi kunitoka neno zito kuliko lile. Akavaa miwani, akaisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, kwa kutamka. Nilitamani aishie katikati. Akasaini.

"Ungekuja siku ile nilipokuja mimi, ningekusainia siku ileile," akasema. "Jogoo mwache. Mume wangu anarudi kesho."

Kibali kilitoka baada ya wiki saba. Wivu haujaisha, nisiseme uongo. Kila nikimwona anafagia baraza lake nalitafuta kosa kwenye ukuta, na bado sijalipata.

Leo nina haya. Kiwanja kimoja, hati iko kwa jina langu. Kibali kimoja chenye muhuri. Nyumba ya vyumba vinne na sebule iliyofika kwenye lenta, matofali yote ya kwangu, hakuna hata moja la kununua. Kalibu tatu za kufyatulia. Ekari mbili na nusu za mihogo na maharage, Nyakitonto. Mbuzi saba. Baiskeli moja. Mke mmoja. Mlango wa mninga, umeegemezwa kwenye ukuta, unasubiri bati zipande ndipo ufungwe.