Shavu la Mama

Jirani yetu mchoraji, hapa Matrah, Oman, hashiki brashi. Rangi zake za akriliki, anazoletewa kutoka Kuwait, huzikoroga na mchanga, akazibandika kwa kisu cha siagi tabaka juu ya tabaka, mpaka shavu la mtu linashikika kwa vidole. Akikosea husonya, kisha hufuta kisu kwenye pindo la kanga yake. Kanga zake zote zimeganda rangi. Kazisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, wapi!

Jana alimwita mdogo wake, Thani, ampe picha ya marehemu mama yao, kamchora na weusi wake wote kama tulivyomjua Unguja. Thani kapata kazi serikalini mwaka huu wa sabini, ana majlisi mpya ya kupokelea wageni. Aliitazama picha, akaguna.

"Mashaallah, dada. Lakini mtie weupe kidogo. Nna wageni wakubwa mimi, wataniuliza huyu nani."

Nilikuwa mlangoni, nimekuja kurudisha bakuli, nikatamani kumpasulia nalo kichwa. Mchoraji safari hii hakusonya. Alichota rangi ileile ya kahawia, akaishindilia kwenye shavu la mama, kisha akamkamata Thani mkono na kuukandamiza palepale mpaka vidole vikazama. Alipouachia, kiganja kizima kilikuwa rangi ya mama.

"Nenda kanawe," alimwambia. "Na ufanye hima, maana hii ikikauka haitoki."