Mama Ukuta husikiliza nyimbo mpya kutoka chumba cha pili

Saa mbili asubuhi, siku ya Ijumaa, mwanamke wa makamo amesimama kwenye korido ya ghorofa ya tatu, viatu mkononi, sikio la kushoto limegusa ukuta. Macho ameyafumba. Wafanyakazi wanaopita na vikombe vyao vya chai wanapita kwa kunyata, na hakuna anayeuliza kulikoni.

Upande wa pili wa ukuta, katika chumba chenye kompyuta moja na spika mbili, unapigwa wimbo ambao haujatimiza saa nane tangu utoke. Ni wa kijana wa ng'ambo mwenye sauti ya mtu anayeongea huku kajifunika blanketi. Huku koridoni maneno yake hayafiki. Linafika gitaa zito, na kitu kingine kinachopanda na kushuka polepole kama pumzi ya mtu aliyelala.

"Huu unapita," anasema, akivaa viatu. "Andika, unapita." Anamwambia hivyo mwandishi wa makala haya, kana kwamba ni karani wake.

Hapa redioni wanamwita Mama Ukuta. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kuchagua nyimbo mpya za pop na roki kutoka nchi za magharibi. Wanamuziki wa huko wana mazoea ya kutoa kazi zao Ijumaa, kwa hiyo kila Ijumaa hupakua nyimbo kama sitini, na kufikia mchana huwa zimebaki nne. Hizo ndizo hupigwa Jumamosi saa tisa alasiri, katika kipindi cha nusu saa.

Theluthi ya mshahara wake huishia kwenye nauli na bando la intaneti. Mumewe, ambaye ni fundi bomba, humtania kwamba wimbo pekee wa maana ni ule wa maji yanaporudi.

"Mara ya kwanza nausikiliza kwa hedifoni, kama mtu mwenye adabu zake," anaeleza. "Mara ya pili nausikiliza huku nafanya mengine. Mara ya tatu natoka, nafunga mlango. Urembo wote unabaki ndani. Kinachotoka nje ndicho wimbo."

Wiki hii amewapitisha wazee wa roki waliorudi baada ya ukimya wa miaka kumi na miwili. Magitaa yao yamepungua hasira. "Ni kama mtu aliyekuwa mkali sana zamani, leo anakushikia mlango upite," anasema. Amempitisha pia binti wa pop anayeimba kwa kunong'ona, juu ya kinanda kinachodondoka tone moja moja. "Huyu ameoga, amevaa, amejipaka mafuta, halafu hana pa kwenda. Unaweza kukaa naye mchana kutwa."

Wimbo unaovuma kuliko yote wiki hii ameutupa. "Kule nje nilisikia mlango tu unagongwa. Nikasema, hodi yako nimeisikia, lakini sifungui."

Mtangazaji wa kipindi, mwanamume mwenye sauti nzito, anacheka. "Mimi nina mdomo, dada ana masikio. Tukitengana, kila mmoja ni nusu mtu."

Lakini masikio hayo ndiyo yaliyomponza.

Kwa kila wimbo, Mama Ukuta humwandikia mtangazaji sentensi mbili za kueleza unachosema. Kiingereza alikiacha shuleni zamani, na kingine amekiokota nyimboni. Mwezi uliopita alipitisha wimbo wa kina dada wanne wa roki, wa taratibu, ngoma zake zikisikika kwa mbali kama zinapigwa nyumba ya jirani. Kwenye kiitikio aliandika: "Usizime taa, naishi bado."

Kumbe siyo. Kiingereza kina neno la kuishi, "live", na neno la kuondoka, "leave", na tofauti yake masikioni ni "i" kuvutwa kidogo tu. Sisi tuliolelewa na irabu tano tuna "i" moja ya kutumikia kazi zote. Kina dada wale walikuwa wakiimba: "Usizime taa, naondoka."

Wiki moja baada ya wimbo kupigwa, ujumbe uliingia kutoka kwa msikilizaji, mwanamke fundi cherehani. Mama yake mzazi alikuwa kitandani kwa mwezi wa nne mfululizo, amekata tamaa hata ya uji. Alipousikia wimbo ule na maelezo yake, aliomba aketishwe. Tangu hapo fundi huomba urudiwe kila Jumamosi. "Mwambieni aliyeuchagua," aliandika, "kwamba mama yangu anakula."

Mama Ukuta aliuchapisha ujumbe huo, akaubandika juu ya meza yake. Anasema hakuwahi kufurahi vile katika kazi hii.

Kisha, Jumatano ya juzi, akapiga simu mwalimu wa Kiingereza. Alikuwa mpole, hata aliomba radhi kwa usumbufu, lakini kosa alilitaja. Mkuu wa vipindi, kijana anayetaka kazi ya kuchagua nyimbo ifanywe na kompyuta, hakuchelewa.

"Masikio yako siyabishii, dada," alimwambia. "Ila kompyuta haitafsiri vibaya, maana haitafsiri kabisa." Alitaka sahihisho lisomwe kesho, kabla ya wimbo. Hatima ya kipindi ataiamua Jumatatu.

"Kipindi sikukifikiria hata kidogo," anasema Mama Ukuta, na sauti yake inashuka. "Nilimfikiria yule mama. Nimemshikisha kamba, sasa niende redioni niikate mbele ya watu?"

Kwa hiyo leo, saa nne asubuhi, ameamua ampigie kwanza. Anaketi, anainuka, anaketi tena. Mtangazaji anafunga mlango. Simu inawekwa mezani kwa sauti ya wazi, na fundi cherehani anapokea kwa furaha, anampelekea mama yake kitandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa nyimbo?"

"Ndiye mimi. Mama, nimekupigia nikuombe radhi. Ule wimbo wako niliukosea maana. Yule dada hasemi anaishi. Anasema anaondoka."

Mahali fulani upande ule wa simu, maji yanamiminwa kwenye ndoo, kisha yanakatika.

"Nilijua," anasema yule mama.

Mama Ukuta anamtazama mtangazaji.

"Kizungu sikijui, mwanangu, lakini mtu anayeaga namjua. Humu ndani kila anayeingia ananiambia nitapona. Jirani anasema nitapona, wajukuu wanasema nitapona, mpaka naona haya kuwaangusha. Yule binti wa kwenye wimbo ndiye peke yake aliyekuwa akisema lililo moyoni mwangu. Nikapata nguvu ya kukaa."

"Mama!" Ni sauti ya fundi, karibu sana na simu. "Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali kusikia?"

Fundi analia, na hajifichi. Chumbani hapa redioni hakuna anayejua aangalie wapi. Mtangazaji amegeukia dirisha, na mwandishi wa makala haya ameacha kuandika.

Ni yule mama anayeimaliza simu. "Kesho upigeni, mwanangu. Na maana yake uiseme wewe mwenyewe, polepole. Tutausikiliza mimi na binti yangu, sasa kwa kuwa wote tunajua unasema nini."

Katika miaka kumi na tisa, Mama Ukuta hajawahi kuongea hewani hata mara moja. Anasema hana sauti ya redio, ana sauti ya kuitia watoto. Hata hivyo anavuta karatasi ya sahihisho iliyoandikwa na mkuu wa vipindi, anaisoma, anaigeuza. Upande mweupe anaandika mstari mmoja, maneno matatu, na anayatamka kwa midomo bila sauti, mara tatu.

Mkuu wa vipindi anachungulia mlangoni kuuliza kama sahihisho liko tayari. "Liko tayari, mdogo wangu," anamjibu. "Jumatatu utaamua lako."

Kazi ya Ijumaa haijaisha, bado nyimbo thelathini na moja zinamsubiri. Hazigusi. Ameiweka ile karatasi mapajani, ameilaza mikono juu yake, na anapoulizwa anatarajia nini, hazungumzii kipindi wala mshahara.

"Naomba tu kesho saa tisa imkute yule mama."