Kamba wa Kilindini na Jina la Baba

Habari ilinifikia asubuhi nikiwa napiga mswaki: rafiki yangu, yule mwalimu wa chuo hapa Mbeya, bingwa wa vidudu vya baharini, amefariki. Mnacheka? Hata mimi nilicheka siku ya kwanza aliponieleza kazi yake. Mtu kazaliwa Igowole, kwenye baridi na chai, halafu anashinda ameinamia hadubini akichora miguu ya kamba asiye na macho, mdogo kuliko punje ya mchele, aliyetolewa kilindini kusikofika jua. Meli ya utafiti ilipata mmoja tu. Rafiki yake wa pwani akamtumia ndani ya kichupa cha spiriti, naye akagundua kwamba kamba wa aina ile hajawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani.

Anayemwandika wa kwanza ndiye anayempa jina, na yeye alitaka kumpa jina la marehemu baba yake. Kwao jina la babu hubebwa na mjukuu, naye alikuwa mtoto pekee na hakujaliwa kuzaa. Ndugu walimsema bila haya. Sikukuu moja nilikuwepo, baba yake mdogo akamwambia tukiwa tunakula, "Wenzako wanazaa, wewe unamrithisha kaka yangu dudu!" Watu wakaangua kicheko. Yeye akaendelea kumega ugali, macho kwenye sahani.

Alipolazwa akaniita. Andiko lilikuwa limekubaliwa, kilichobaki ni kumkabidhi yule kamba makumbusho, ili atakayebisha akamwone mwenyewe. "Kaka, kichupa kiko juu ya kabati," akasema kwa shida. "Bila yule kamba, jina la baba halisimami." Ufunguo wa nyumba alikuwa nao baba mdogo. Nikamfuata. Akaniuliza mgonjwa hata hajafa, mbona nishaanza kugombea mali!

Tukamzika Igowole. Matanga yalipovunjwa nikamfuata tena.

"Mbona nyumba tulishasafisha," akanijibu. "Tumekuta midudu kwenye chupa, tukamwaga chooni. Chupa tumegawana, zina mifuniko mizuri." Akanionyesha ya kwake, imejaa pilipili ya kusaga.

Mama wa marehemu alikuwa kwenye mkeka, akanishika mkono. "Mwanangu alisema jina la mume wangu litasomwa mpaka Ulaya. Lini sasa, baba?"

"Halitasomwa, mama. Yule kamba wamemmwaga."

"Nani?"

Nikamnyooshea kidole shemeji yake, aliyekuwa anaongezewa chai. Mama akamtazama, kisha akageukia ukutani.

Basi ninyi wenye kazi zisizoeleweka nyumbani kwenu, acheni kujidanganya kwamba dunia itawatunzia. Waelezeni watu wenu leo, hata wakiwacheka, mrudie mpaka wachoke. Siku ukifa, dunia haitakuja kufungasha vitu vyako. Atakuja baba mdogo na fagio.