Wamepunguza Damu

Jumamosi moja mchana, mimi na wenzangu wawili wa chuo tulikaa sebuleni kwa shangazi yangu, mtaa wa Mlandege, kuangalia filamu ya katuni ya Kijapani kwenye kompyuta yangu. Wenzangu walikuwa wameisoma kwanza kitabuni, kwa michoro, wakanihakikishia kwamba ni hadithi tamu ya askari na mapepo. Shangazi aliposikia neno katuni, alikuja na njegere zake akaketi kumenya huku anatazama.

Hazikupita dakika kumi, jitu lenye mdomo tumboni likamkamata mwanamke aliyebeba kuni na kumtafuna taratibu, miguu yake ikining'inia. Niligeuza uso pembeni. Shangazi aliacha kumenya.

"Wamepunguza damu," mwenzangu mmoja akalalamika. "Kitabuni utumbo unaonekana wote."

"Kweli, wametuharibia," mwingine akajibu, kisha akarudisha nyuma tuone tena.

"Mnairudia?" shangazi akauliza. "Mtoto wa watu anatafunwa, nyie mnadai utumbo?"

"Mama, ni michoro tu," mwenzangu akamwambia.

"Najua ni michoro. Nawashangaa nyie."

Akainuka, akaenda jikoni. Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kicheko changu kilinichukiza kuliko lile jitu. Nikaifunga kompyuta, nikawaambia wakaimalizie kwao. Waliondoka wamenuna.

Kwa wiki nzima chuoni waliniita mlokole. Nyama nayo sikuigusa.